Shamba Lililolimwa Ili Lipendeze

Mgeni rasmi, viongozi wetu wa wilaya na kata, wageni waalikwa na majirani zetu,

KARIBU

Sisi wanakikundi thelathini na mmoja wa Udongo Hai, kitongoji cha Gidamara, Karatu, tunakukaribisha kwa moyo mmoja. Tuliombwa tukuonyeshe shamba. Tunasikitika kukueleza kwamba hilo lililo mbele ya turubai silo tulilolitunza.

TULIKOTOKA

Miaka sita iliyopita kila mvua ilikuwa ikiondoka na udongo wetu mpaka korongoni. Mwenyekiti wetu, Mzee Qamara, akatutolea ekari zake tatu tujifunze kilimo hifadhi. Tukaacha plau. Tulichana mistari tu kwa ng'ombe, tukayalaza mabua chini, tukapanda ngwara, jamii ya maharage, katikati ya mahindi zitambae na kufunika ardhi. Majirani walisema tumekuwa wavivu. Mwaka wa tatu mvua ilikatika mapema. Sisi tulivuna magunia kumi na mawili kwa ekari, wao manne. Baadhi yao leo ni wanachama.

KILICHOTUPATA

Mgeni rasmi, Jumanne iliyopita kamati ya mapokezi ililikagua shamba, ikasema ni chafu. Katibu wetu Hyasinta, anayesoma risala hii, alieleza kwamba hayo mabua ndiyo kazi yenyewe. Alieleza mara mbili. Waliandika kwenye daftari, wakaondoka.

Alhamisi asubuhi tulisikia trekta. Tulipofika, ekari mbili zilikuwa zimeshapinduliwa, na mabua yake yanaungua pembeni. Dereva, Piusi, si mtu mbaya. Alisema, "Nimetumwa. Nimeambiwa mgeni akute shamba safi."

Mzee Qamara hakubishana naye. Alikwenda akakaa chini mbele ya matairi, akasema, "Hapa kuna miaka yangu sita. Huwezi kunirudishia hata mmoja."

Piusi akazima injini. Ndivyo ekari moja ilivyopona.

Jumamosi ikanyesha. Zile ekari mbili zilishuka na maji, na tope hilo ndilo lililokwamisha magari yenu pale kwenye kona. Ile moja ilikunywa maji yake, ikatulia.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi tisa. Tumeyafuta, tumebakiza matatu.

Tunaomba shamba la mtu lisilimwe bila ruhusa ya mwenyewe, hata kwa nia njema, hata kwa ajili yako.

Tunaomba wataalamu wanaotufundisha kuacha plau wawafundishe pia wanaotuandalia wageni. Sisi tumeshaelewa.

La tatu ni hili. Kiti kilicho kitupu hapo meza kuu ni cha mwenyekiti wetu. Mzee Qamara hakukudharau. Tangu alfajiri yuko kwenye ekari iliyobaki, kwa sababu trekta bado limeegeshwa jirani na ghala. Tumemwambia halitarudi, lakini Jumatano tulimwambia hakuna atakayeligusa shamba, kwa hiyo yeye hatuamini tena. Kutembea hakumo kwenye ratiba, ila ni hatua mia mbili tu. Tunaomba uende ukamwambie wewe mwenyewe, apate kurudi nyumbani akale.

Mungu akulinde safarini, awape afya watu wa Karatu na Ngorongoro, na mvua inayofuata atuteremshie taratibu.

Ni sisi,
Wakulima wa Kikundi cha Udongo Hai,
Gidamara.