Mama Masjala na Folda ya Muda

Ijumaa hii, saa sita mchana, karani mkuu wa masjala anastaafu baada ya kuitumikia idara yetu ya maji kwa miaka thelathini na mmoja. Cheti atakachokabidhiwa ukumbini kitasema ishirini na miwili. Msinong'onezane kwenye viti nani kakosea hesabu. Aliyekosea ni mimi, fundi wa kompyuta, ninayeandika wasifu huu. Kamati ya sherehe iliponiomba niuandike, ama ilisahau jambo hilo, ama ilikumbuka vizuri sana.

Mama Masjala, kama tunavyomwita sote hadi mkurugenzi, aliingia hapa akiwa tarishi wa muda. Alibeba barua kutoka chumba hadi chumba, na kutoka makao makuu hadi kituo cha pampu, kwa miguu. Mkataba ulikuwa wa miezi mitatu. Ukiisha, anapewa mwingine wa miezi mitatu. Alikwenda hivyo miaka tisa, akazaa watoto wawili na kuwaachisha ziwa, naye bado ni wa muda. Alipothibitishwa kazini alipewa masjala, chumba chenye dirisha moja na makabati kumi na manne, na tangu siku hiyo haikupotea faili hata moja mikononi mwake.

Mkurugenzi mmoja, si huyu wa sasa, aliwahi kuja mwenyewe kuchukua faili yake, eti kwa dakika mbili tu. Mama akamsukumia daftari la kutolea faili, na kalamu juu yake. Bosi akacheka, akidhani anataniwa. Alipoona anacheka peke yake, akasaini. Dakika mbili zilipokwisha Mama alimfuata ofisini kuidai, na inasemekana aligonga mlango mara moja tu.

Kompyuta ya masjala tunaiita Bi Kizee. Ukiiwasha asubuhi unaweza kwenda kunywa chai, ukaosha kikombe na kurudi, ukaikuta bado inajikusanya. Diski yake ni ndogo, na kila mwezi ilikuwa inajaa faili za muda, yale makombo ambayo programu huyaacha nyuma zikimaliza kazi. Mama hakusomea kompyuta, lakini alikuwa na utaratibu wake wa kuisafisha. Kwanza alifunga kila kitu kilichokuwa wazi. Akaizima na kuiwasha upya. Akanakili kumbukumbu zake zote kwenye flashi. Ndipo akafungua sehemu ya faili za muda, akatazama tarehe, na chochote kilichoguswa ndani ya wiki hiyo hakukigusa. Vilivyobaki alivitupa kwenye pipa la kompyuta, akaviacha humo siku saba huku kazi ikiendelea. Alikuwa akituambia kwamba pipa si kaburi, kitu kikiwa humo bado kinaweza kukohoa. Siku saba zikipita bila kikohozi, alilimwaga. Mimi nilikuwa nikimcheka. Nilikuwa na vyeti viwili ukutani.

Miaka minne iliyopita alichukua likizo kwenda kumuuguza dada yake. Wakaguzi walikuwa wanakuja Alhamisi, na Jumatano Bi Kizee akagoma kabisa kwa kukosa nafasi. Nikakaa mbele yake kwa haraka zangu. Nikakuta folda kubwa, yenye faili za miaka na miaka, jina lake MUDA. Sikufungua hata moja. Nilibonyeza vile vitufe vinavyofuta bila kupitia pipani, na kompyuta ikapumua. Kwenye droo ya juu palikuwa na flashi iliyobandikwa plasta, na juu ya plasta neno lilelile. Nikaifuta nayo, nipate pa kubebea ripoti ya wakaguzi. Mkuu wangu akanipongeza mbele za watu.

Kumbe MUDA ilikuwa folda ya wafanyakazi wa muda. Mama aliianzisha kwenye kompyuta ya zamani zaidi, iliyokuwa haikubali jina lenye herufi zaidi ya nane, na jina likahamia kwa Bi Kizee jinsi lilivyo. Humo mlikuwa na utumishi wa watu sitini na wanne: wachimba mitaro, wasomaji wa mita, wafagizi, walinzi, na yeye mwenyewe. Kadi zao za karatasi zilikuwa zimechomwa kwa agizo, kwa sababu kumbukumbu sasa ziko salama kwenye kompyuta. Tulimwita fundi bingwa kutoka nje. Baada ya siku tatu alirudisha majina ya faili sitini na nne, na kila uliyoifungua haikuwa na kitu ndani. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, na mimi ndiye niliyewafanya wasiwepo.

Aliporudi likizo nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni. Aliniuliza kama nimekula. Nilitamani anifokee. Mpaka leo hajanifokea, na mzigo huo sijui niutue wapi.

Kamati ya utumishi ilikubali kurudisha miaka ya mtu kwa sharti moja: alete mashahidi wawili waliokuwa na ajira ya kudumu wakati huo, waape kwamba walimwona kazini. Mama akachukua daftari na kuanza upya, kwa kichwa chake mwenyewe. Kila Jumamosi kwa miaka minne alikuwa akizunguka mitaa kuwatafuta wastaafu, akipanda ngazi za watu na magoti yale mnayoyajua. Mimi nilikuwa nikimbebea mkoba. Aliwapanga kwa umri, walio karibu kustaafu mbele, na jina lake akaliweka mwisho kabisa. Nilipomwambia ajitangulize alinijibu kwamba mashahidi wake wapo tu, hawaendi popote. Watu hamsini wamepata miaka yao. Baadhi yenu mliokaa humu ukumbini ni miongoni mwao.

Kinyozi hajinyoi. Mzee wa stoo, shahidi wake wa kwanza, alifariki mwaka jana, wiki mbili kabla ya zamu ya Mama kufika. Wa pili, dereva wa lori aliyestaafu, tulimkuta kibarazani kwake, mzima wa afya. Alitukaribisha vizuri sana. Akamuuliza Mama yeye ni mtoto wa nani. Kisha akatusimulia kwamba zamani kazini kwao kulikuwa na binti mmoja tarishi, mwembamba, anatembea kama anafukuzwa, na kwamba siku moja alimpa lifti mvua inanyesha akakataa kuingia mpaka barua zitangulie. Jina la binti huyo halikumjia. Mama alimshika mkono, akamwambia ni yeye. Mzee akamtazama kwa huruma, akasema hapana mama, yule alikuwa mdogo.

Niliomba kuwa shahidi mimi. Mama alicheka mpaka akafuta macho, akanikumbusha kwamba alipoajiriwa mimi nilikuwa darasa la tatu.

Barua ya kamati ilifika Jumanne. Ina mistari minne, na ombi halikukubaliwa. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaigonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akaipa namba na kuiweka kwenye faili yake, mahali pake. Halafu, bila kunitazama, akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo miaka tisa mimi nilikuwa wapi?" Akamwambia tarishi alete barua inayofuata.

Mama Masjala, wenzako wa idara nzima wanakushukuru kwa uvumilivu, kwa usafi wa kazi, na kwa kutudai faili zetu bila kuogopa cheo cha mtu. Tunakuombea afya, usingizi mrefu wa asubuhi, na wajukuu wenye adabu. Mimi nakuomba radhi tena, ingawa najua umeshanipa.

Ukiacha wewe, watu kumi na watatu bado hawajapatikana. Daftari umeniachia, lakini ndani yake mna majina tu. Sura zao, na nani alisimama karibu na nani mtaroni, unavyo wewe kichwani. Jumatatu nitakaa kwenye kiti chako. Atakuja mmoja wao kuulizia miaka yake, nami nitamtazama, na sitamjua.