Bwana Kipimo na Ubao Uliohamishwa Mara Nne

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja kidogo. Leo tunamkumbuka mzee tuliyemwita Bwana Kipimo, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka sabini na mitatu. Kwa miaka thelathini na mmoja alisoma kipimo cha maji cha mto wetu, ubao wenye alama za sentimita uliosimikwa mtoni. Narudia: miaka thelathini na mmoja, kila asubuhi saa moja kamili.

Mto wenyewe si mkubwa. Unatoka chini ya jiwe nyuma ya shule, unapita vijiji vitatu, na baada ya kilomita kumi na moja unaingia mto mkubwa pale darajani. Zamani ulizungusha mashine ya kusaga. Mwaka mmoja ulifurika ukabeba daraja, na mbuzi wa mwalimu mkuu juu yake. Bwana Kipimo akaandika: mita mbili na nusu. Mbuzi hakuandikwa, na mwalimu alimnunia mwezi mzima.

Kisha shamba kubwa likaweka pampu kule juu. Maji yakashuka, ubao wa kipimo ukabaki kwenye mchanga mkavu. Siku alipoanza kazi, mzee aliambiwa ubao lazima uguse maji. Basi akaung'oa, akausogeza chini mpaka maji yakafika tena kwenye alama ileile. Mara nne aliuhamisha, wasikilizaji. Mara nne, na hakuandika popote.

"Baba alidhani anafuata sheria," bintiye mkubwa ameniambia. "Hata angeniuliza, ningemwambia nini? Nami sikujua."

Wanakijiji walipolalamika, ofisi ya maji ilifungua madaftari yake. Kila mwaka tangu pampu iwekwe: sentimita arobaini. Maji hayajapungua, maofisa wakasema, pampu iendelee. Mzee aliandika barua saba kukiri kosa lake. Hakujibiwa hata moja. Akaenda mwenyewe. Karani akamgeuzia daftari: "Mzee wangu, si wewe uliyesaini hapa?"

Mkewe anasema tangu siku hiyo hakumaliza sahani ya chakula. "Nilimwambia, baba watoto, jisamehe."

Mimi nami nilikwenda kumwona. Nazungumza redioni kila siku, lakini siku ile nilimzungumzia mpira tu, nikaaga. Inaniuma mpaka sasa.

Kwa mjane, watoto na wajukuu: poleni sana, tuko nanyi. Nasi tuliobaki, kabla hatujasema mzee alikosea, tujiulize ni wangapi tulimwona amebeba ule ubao begani, tukamsalimu, tukapita zetu. Mimi nilimwona. Mto umekauka kabisa tangu mwezi wa pili. Kwenye vitabu vya ofisi bado una sentimita arobaini.