Vilima Nilivyovifumua

Jumamosi, 28 Septemba 2024. Asubuhi ukungu mpaka saa tatu, kisha jua. Mvua ya jana imetuliza vumbi. Nanakili hapa hotuba niliyoisoma leo zahanati, kama nilivyoisoma.

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi; Padri Ansbert, mlezi wa kigango chetu; Daktari Venance, mganga mfawidhi wa zahanati hii, ambayo leo tunafungua chumba chake cha kusubiria watoto; Mwalimu Priscila; wazee wetu, shikamooni; akina mama wenzangu wa kikundi cha ushonaji; ndugu wageni waalikwa.

Mimi ni Scolastica Gozbert, katibu wa kikundi. Nimepewa dakika kumi za kushukuru, nami najua ninaotaka kuwashukuru ni wengi kuliko dakika hizo, kwa hiyo nitakwenda kwa utaratibu.

Namshukuru kwanza fundi Anatoli wa Ngara mjini, ambaye tangu mwezi wa tano alitutunzia mabaki ya sare za shule badala ya kuyachoma. Wageni kadhaa wameniuliza pale mlangoni: kwa nini bahari? Watu wa Murukulazo, ambao wengi wetu safari ndefu tuliyowahi kwenda ni Biharamulo, tumepata wapi ujasiri wa kushona bahari? Jibu ni fupi. Mabaki ya sketi za shule ni ya bluu. Tulipata magunia mawili ya bluu na nusu gunia la weupe wa mashati. Mwalimu Priscila aliyamwaga yote kwenye mkeka, akayatazama kitambo, akasema, "Jamani, hii ni bahari imekatwakatwa."

Yeye ndiye peke yake kati yetu aliyeiona bahari, maana aliishi Tanga miaka saba. Mwalimu, tunakushukuru. Kiangazi hiki, maharage yakiwa yamekwisha kupigwa na kahawa iko juani, ulitukusanya kila Jumamosi saa nane mchana kwenye varanda ya kigango ukatufundisha kutengeneza viraka hivi mnavyoviona ukutani, ndani ya chumba hiki kilicho wazi upande wa mbele, ambavyo kila kimoja hakizidi sinia dogo la chai. Juu bluu, katikati kipande cha blanketi kuukuu, chini kanga iliyochakaa, na mshono unaopita tabaka zote tatu mpaka kitambaa kinapata mabonde na matuta kama maji yenyewe. Povu la mawimbi tulilikata kwenye vyandarua. Daktari, usitukazie macho. Vilikuwa vimetoboka kweli.

Je, tulikosea? Tulikosea sana. Wema, ambaye amekaa pale na kitenge cha njano, alishona kiboko katikati ya mawimbi. Mwalimu akamwuliza, "Wema, kiboko baharini?" Wema akajibu, "Mwalimu, mimi nimempa maji. Mengine atajua mwenyewe." Kiboko yule bado yupo, kwenye kiraka cha tatu kutoka dirishani, na watoto wa kliniki wameshampenda kuliko samaki wetu wote.

Lakini kosa kubwa tulilifanya wote kumi na wawili bila kuambiana. Kila mmoja, juu ya maji yake, alishona upande wa pili. Vilima, migomba, mwingine hata moshi wa jikoni. Maji tunayoyajua sisi ni mto Ruvubu, na ukisimama kando ya Ruvubu unamwona mtu wa upande wa pili akianua nguo. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Akatueleza kwamba ukisimama ufukweni Tanga hakuna kitu mbele yako, ni maji, halafu mbingu. Mama Clotilda akasema, "Mwalimu, maji yasiyo na upande wa pili hayo ni mafuriko." Tulibishana Jumamosi nzima. Mwisho tukakubali, tukafumua, tukaweka mbingu.

Kumi na mmoja tulifumua. Mmoja hakufumua, na hapa ndipo naomba Mheshimiwa na wageni wote mnivumilie, kwa sababu nina jambo la kusema mbele yenu.

Tarehe 10 Agosti nilichukua viraka vyote nyumbani nivipige pasi, ili Daktari aje avione. Mnanijua. Mimi ni mtu wa orodha. Nilikuwa na orodha ya makosa: pindo limelegea, uzi umeonekana, kona haijakaa. Nilipofika kwenye kiraka cha Mama Kwizera nikakuta vilima bado vipo juu ya bahari, vya kijani, vimeshonwa kwa mishono midogo kama mchanga. Nikaandika: upande wa pili haujaondolewa. Kisha sikumwita wala kumwuliza. Nilichukua wembe nikavifumua mwenyewe, nikaziba pale kwa bluu, na vile vipande vya kijani nikavitia kwenye gunia la mabaki. Haikuchukua nusu saa. Nilijiona nimemsaidia mzee mwenye macho mazito.

Wiki iliyofuata akina mama walihitaji kijani cha kukata mwani. Kijani kilikuwa wapi? Kwenye gunia. Kikakatwa, kikagawanywa, kikazama chini ya bahari za watu wengine.

Mama Kwizera alikuwa ameuguliwa na mjukuu, akarudi kwetu tarehe 24. Akakishika kiraka chake, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Katibu, vilima vyangu viko wapi?"

"Mama, bahari haina upande wa pili. Nilirekebisha."

"Ulirekebisha." Akakiweka kiraka mapajani. "Kile kijani ni shati la mwanangu Kwizera, la siku ya kipaimara. Mara ya mwisho aliponipigia simu kutoka melini alisema, mama, tumeshafika nchi kavu, nitakupigia kesho. Huu ni mwaka wa tatu hajapiga. Mimi nikamshonea hiyo nchi kavu. Sasa wewe mtoto wangu umemweka wapi?"

Mimi niliyemaliza kidato cha nne, mimi ambaye kila siku naandika tarehe na hali ya hewa, nilisema tu kwamba kijani kile nilikitia kwenye gunia la mabaki. Akakunja kitambaa chake akaondoka, na Jumamosi nne zilizofuata hakuja.

Sasa naja kwenye shukrani ambazo hasa zimenisimamisha hapa. Alipoondoka, wa kwanza kusema alikuwa Wema. Alisema, "Lete huo wembe." Akaanza kufumua mwani wake. Mama Clotilda akanung'unika, "Na wangu ndio ulikuwa umependeza kuliko wote," lakini mkono tayari ulikuwa kazini. Walifumua hadi jua lilipoinama, wakitafuta shati la mtoto asiye wao. Kwa hiyo wageni wetu, mkisogea karibu na viraka hivi mkaona sehemu zenye matundu ya sindano na hakuna kitu, msidhani tulichoka. Pale palikuwa na mwani, na umerudi kwa mwenyewe.

Vilipatikana vipande saba. Nilivinyoosha kwa pasi, nikavipeleka nyumbani kwake. Alinipokelea mlangoni kwa mikono miwili, akavitazama kimoja kimoja, akasema, "Ni vyote." Hakunikaribisha kukaa, na alikuwa na haki.

Leo amekuja. Yuko benchi la nyuma, pamoja na akina mama wenye watoto. Mama Kwizera, shikamoo. Nilikuomba radhi mlangoni kwako bila shahidi, na hilo halikutosha, kwa sababu kosa nililiandika kwenye daftari la kikundi kama kosa lako. Naliondoa mbele ya Padri, Mheshimiwa na majirani. Aliyekosea ni mimi. Wewe ndiye uliyetufundisha mshono mdogo ambao Mwalimu mwenyewe alisema hajauona Tanga, na mimi ndiye niliyeukata kwa wembe. Nakushukuru kwa mshono huo. Nakushukuru kwa kuja leo, ambapo ungeweza kubaki nyumbani na hakuna ambaye angekulaumu.

Pale ukutani kuna misumari kumi na miwili na viraka kumi na kimoja. Daktari aliniuliza jana kama aung'oe ule mmoja, nikamwomba auache. Sikuombi ulete kitu, mama. Nataka tu ujue kwamba nafasi ni yako, na ukiamua kuweka vilima, au migomba, au mtu anayeanua nguo, hakuna daftari litakaloandika neno.

Mheshimiwa, Padri, Daktari, tunawashukuru kwa ukuta huu na kwa kuamini kwamba mtoto anayesubiri sindano anastahili kitu kizuri cha kutazama. Mmekaa juani mkanisikiliza hadi mwisho, tena katika jambo lisilokuwa kwenye ratiba. Kwa hilo nawashukuru wote kwa moyo wangu.

Hapo ndipo nilipoishia kusoma. Makofi yalikuwa ya wastani. Mheshimiwa alishanyanyuka kwenda kukata utepe, Mama Kwizera naye akasimama. Alisema kwa sauti yake ya kila siku, "Katibu, nimekusikia. Kile kitabaki kwangu, nimeshakirudishia vilima vyake, nakitazama nikiamka. Lakini ukuta wa watoto hauwezi kukaa na pengo. Jumamosi nitakuja, mniwekee bluu ya kutosha."

Wema akauliza, "Na upande wa pili, mama?"

"Nitauweka. Na mwenye wembe wake auache nyumbani."

Watu wakacheka, Padri naye akacheka. Nikaandika nyuma ya karatasi zangu: bluu ya kutosha, Jumamosi.

Nalala, saa nne na dakika arobaini.