Bi. Karwirwa na Mbuzi wa Mama Gichovi

Bi. Gladwell Karwirwa anastaafu tarehe 31 Desemba, baada ya kuhudumu chuoni mwetu miaka ishirini na sita. Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wanafunzi kwa vikundi vya wenyeji, waongoze miradi huko. Sisi vibarua wa chuo, wachimba mashimo ya kupandia miti, tulienda naye, wengine tukiwa tumeacha familia mbali sana. Alituita kwa majina yetu, na chai alitumiminia kabla ya wanafunzi.

Mengi amefanya, lakini sisi tunakumbuka mbuzi. Mwaka mmoja wanafunzi, wengi wao kutoka mashamba ya majani chai ya Kianjokoma, walipanda miche ya miti kwenye shamba la kikundi cha kina mama, kule Mbeere kwenye ukame. Kwao mbuzi hufungwa kamba. Hawakujua kwamba kule Mbeere, mavuno yakiisha, mbuzi huachiliwa wale mabua. Tuliporudi hatukukuta mche hata mmoja.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Gichovi, hakuficha. "Mwalimu, mbuzi wanashukuru, wamekula wakashiba. Sasa rudi na watoto wako nyumbani."

Bi. Karwirwa hakubishana. Aliomba tu vijana wabaki wiki moja wachunge mbuzi hao. Kina mama walicheka sana, wakakubali. Vijana walikimbizana na mbuzi vichakani mpaka viatu vikapasuka, wakajua kila njia wanayopita. Baadaye Mama Gichovi mwenyewe aliwaonyesha mahali pa kupanda upya, wakajenga ua wa miiba pamoja. Siku hizi tunapumzika kwenye kivuli cha miti hiyo.

Tangu hapo, kwa Bi. Karwirwa, mwanafunzi hakutaja mradi kabla ya kufanya kazi ya mwenyeji wake. Tuliogopa kwamba akiondoka, desturi hiyo itaondoka naye.

Mwezi uliopita tulienda tena kwa kina Mama Gichovi. Sheila, kiongozi wa wanafunzi, alimwuliza Mwalimu tangi la maji la mradi wao liwekwe wapi. Bi. Karwirwa alikuwa ameketi na kina mama akichambua maharagwe.

"Mimi leo ni mgeni," akasema. "Waulize wenye shamba."

Sheila hakuuliza. Alichukua jembe, akaingia kwenye safu ya waliokuwa wakipalilia pojo. Aliuliza jioni, mikono ikiwa imetoka malengelenge.

Mama Gichovi akamgeukia Bi. Karwirwa. "Haya, Mwalimu. Sasa unaweza kwenda."

Asante, Mwalimu. Pumzika vizuri nyumbani kwako Kinoru, Mungu akupe afya. Ukitukumbuka, njoo. Safari hiyo chai utamiminiwa wewe kwanza.