Babu Zulia na Chumba cha Wageni wa Kitaifa

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, ofisi ikifungwa, Babu Zulia anastaafu baada ya kuitumikia Ofisi ya Gavana kwa miaka thelathini na moja. Magavana wanne wamepita mikononi mwake, au tuseme yeye amepita miguuni mwao, maana kazi yake ilikuwa kuwatandikia. Mawaziri waliotoka makao makuu ya nchi hatuwezi kuwahesabu. Wengine walikaa wizarani muda mfupi kuliko zulia letu linavyokaa kwa dobi.

Jina lake la kwenye kitambulisho analijua mhasibu peke yake. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi Mheshimiwa Gavana mwenyewe, tunamwita Babu Zulia, na mkewe huko sokoni anaitwa Bibi Zulia bila kuombwa ridhaa. Bibi huyo amelalamika mara nyingi kwamba mume wake anawatandikia wakubwa wa nchi nzima, lakini nyumbani hata shuka la kitanda hajawahi kulinyoosha.

Alikuja hapa kama kibarua wa kubeba viti, siku ya kumwapisha gavana wa kwanza. Wakamwambia arudi kesho yake avirudishe viti vya watu. Akarudi. Hakuna aliyejua viti vinarudishwa wapi, kwa hiyo akabaki anavilinda, na ajira ikaanza hivyo. Wako wenzetu walioingia kwa usaili wa siku mbili na hawajafanya kazi kumzidi.

Baadaye akakabidhiwa mapokezi yote: viti, bendera, maua ya plastiki na lile zulia jekundu. Hapo ndipo alipotunga kipimo chake. Waziri hutandikiwa kuanzia mlango wa gari hadi ndani kabisa. Naibu waziri huanzia kwenye ngazi. Mkurugenzi huanzia kizingitini. Yule ofisa wa makao makuu anayekuja kukagua magari yetu yanakwenda wapi siku za Jumapili, huyo hupata tambara la kufutia miguu, tena kavu.

Kwetu sisi wafanyakazi, zulia lilikuwa taarifa ya habari. Redio ikisema uhusiano wa jimbo letu na Serikali Kuu ni mzuri, sisi tulichungulia uani kwanza. Ukimkuta Babu Zulia amelianika kwenye kamba analipiga kwa fimbo hadi vumbi linafika kwa majirani, ujue wakubwa wamesalimiana kwenye simu. Ukilikuta limekunjwa nyuma ya mlango wa stoo na paka amelala juu yake, ujue kimeumana, na hiyo semina mliyoahidiwa msahau.

Paka alilala sana enzi za gavana wa tatu, yule tuliyemwita Mbishi. Mbishi alitangaza kwamba waziri akija, zulia lisitandikwe hata kidogo, maana jimbo si mahali pa kupigia watu magoti. Watu wa waziri nao wakapiga simu kusema bila zulia waziri hashuki garini. Babu Zulia akaamriwa hivi na vile, akaitikia kote kote. Siku ilipofika alitandika kuanzia mlango wa gari hadi katikati ya njia, akaishia hapo, akasimama kando mikono nyuma. Waziri akapigwa picha juu ya zulia. Mbishi akapigwa picha kwenye saruji tupu. Jioni kila mmoja akasema redioni kwamba ameshinda, na Babu Zulia akaenda zake kula.

Lakini hayo ni ya kuchekesha tu. Sisi akina mama wa jengo hili tunamkumbuka kwa kingine, na ndiyo sababu tulianza kumuaga huku roho ziko juu. Tulikuwa hatujui, yeye akiondoka, Chumba cha Wageni wa Kitaifa kitabaki wazi kwetu au la.

Kwa mfanyakazi mgeni, chumba hicho ni kile kilicho kando ya ukumbi wa mapokezi, chenye kibao cha shaba mlangoni. Kuta zilijengwa na jimbo. Sofa, pazia na feni vililetwa na Serikali Kuu, ili wakubwa wake wakija wapate pa kupumzikia. Walikuwa wakija kwa nadra, na wakija hawapumziki, wanagomba. Kwa hiyo chumba kizuri kuliko vyote kilifungwa mwaka mzima kikimsubiri mtu, na sisi tulikuwa tunanyonyesha watoto kwenye stoo ya mafagio, tumekalia ndoo iliyogeuzwa, mtoto anapiga chafya kwa harufu ya sabuni ya choo.

Babu Zulia alikuja siku moja kuchukua fagio, akamkuta mmoja wetu kwenye ndoo. Akageuza uso ukutani kwa heshima, akauliza tuna adabu gani ya kumkalisha mgeni kwenye ndoo. Kisha akaenda kufungua. Masharti yake yalikuwa machache: viatu nje, khanga juu ya sofa, na akigonga mlangoni tutoke bila mjadala. Watoto wote aliwaita Waheshimiwa. Asubuhi alipita kuuliza kama Mheshimiwa ameamka salama, na kama ana malalamiko yoyote ya kupelekwa juu.

Sasa tuje kwenye siku ya daraja, ambayo imesimuliwa ovyo ovyo kwenye korido hadi imeharibika.

Mwaka jana daraja jipya la mtoni lilikuwa limekamilika na limefungwa. Nguzo zilijengwa na jimbo, njia ya juu ikajengwa na Serikali Kuu, na kila upande ulitaka kukata utepe. Miezi ikapita. Watu wakawa wanakunja suruali na kuvuka majini, kandokando ya daraja zima. Gavana wetu wa sasa aliapa kwamba hatamfuata Waziri hata hatua moja, na Waziri naye akasema hana haja ya kufuatwa na mtu wa nguzo.

Asubuhi moja, bila taarifa, msafara wa Waziri ukaingia getini. Babu Zulia alijua kuna Waheshimiwa wawili wamelala kwenye sofa: mtoto wa Dada Karani wa masjala, na mtoto wa mpika chai. Mpika chai huyo ndiye anayeandika makala haya. Akamnong'oneza Dada Karani akimbie chumbani akawatoe, kisha akaanza kutandika zulia kwa mwendo ambao hatujawahi kuuona tangu tuzaliwe.

Alilitandika kichwa chini. Akalitazama, akasikitika, akalikunja lote. Akalitandika tena, akaona limepinda, akapiga magoti kulinyoosha kwa kiganja. Akaokota kijiti kimoja, akakipeleka hadi kwenye pipa la taka lililo mbali kuliko yote. Waziri alikuwa ameshatoa mguu mmoja nje ya gari, na kwa kuwa hawezi kukanyaga vumbi, mguu ukabaki unaning'inia. Gavana alivumilia kule kwenye ngazi, uvumilivu ukamwisha, akateremka kwa hasira kumkemea Babu, na kabla hajajijua akawa amefika kwenye mlango wa gari la Waziri.

Wakatazamana. Waziri akauliza kama mzee huyu siku zote ndivyo alivyo. Gavana akasema alimrithi pamoja na jengo, kama nyufa. Waziri akasema hata yeye wizarani anaye mmoja, na huyo anamiliki funguo za lifti. Wakaanza kumsengenya Babu Zulia pale pale juu ya kichwa chake, mmoja anaanza, mwingine anamalizia. Yalikuwa makubaliano ya kwanza kati ya jimbo na Serikali Kuu tangu daraja likamilike.

Wakati huo Dada Karani akachungulia kwenye mlango wa pembeni amebeba furushi, akainua dole gumba. Babu Zulia akanyoosha zulia kwa mkupuo mmoja, akawakaribisha. Ila Dada Karani alikuwa amebeba wake tu. Wa pili alikuwa amejiviringisha ndani ya khanga kwenye kona ya sofa, haonekani, na Dada akadhani mama yake ameshamchukua. Mama yake naye alikuwa jikoni anachunga maziwa yasifurike, akijua Dada amewabeba wote wawili, kama walivyozoea kubebeana.

Wakubwa wakaketi. Walikuwa wamefikia kwenye habari ya nani alimwaga zege na nani akate utepe, Waziri alipohisi kitu kinampiga teke kiunoni. Akafunua khanga. Mwandishi aliingia na sinia la chai wakati huohuo, akamkuta Waziri amemshika mtoto kwa mikono iliyonyooka, kama mtu aliyekabidhiwa tikiti maji lenye nyoka ndani.

"Huyu ni wa nani?" Waziri akamuuliza Gavana. "Ni wa jimbo au wa Serikali Kuu?"

Gavana akafikiri. "Akinyamaza ni wa jimbo. Akilia ni wenu."

Mtoto hakulia. Alimtazama Waziri kwa makini, akatulia, akakojoa. Suruali ya kitaifa ikaloa mpaka gotini.

Waziri akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyeruhusu watoto humu. Wasaidizi wote wakakumbuka kutazama simu zao. Babu Zulia, aliyebakiza muda mchache tu kabla ya kustaafu na ambaye angeweza kunyamaza kama wengine, akapiga hatua ndani.

"Ni mimi, Mheshimiwa. Wageni waliowekewa chumba hiki hawaji. Hawa wanakuja kila siku."

Daraja lilipatikana siku hiyo hiyo, tuseme ukweli. Mtu hawezi kujivuna sana akiwa na suruali mbichi, na Gavana alikuwa amecheka hadi hasira ikamponyoka. Waliafikiana kila mmoja akate utepe kwa upande wake wa mto, kisha wakutane katikati. Lakini wiki iliyofuata ikaja amri kutoka wizarani: chumba kifungwe, sofa la taifa si la kulaza watoto, na aliyehusika achukuliwe hatua.

Katibu wa ofisi yetu alikuwa ameshaanza kutafuta kufuli. Hapo Gavana akapindua meza. Wanaokaa naye wanasema hata yeye alikuwa na nia ya kukifunga chumba, ila alipoambiwa akifunge, nia ikamtoka. Akajibu kwamba sofa ni lao na waje walibebe, lakini chumba ni cha jimbo, na kwenye chumba cha jimbo hapokei amri. Wizara ikajibu kwamba sofa haliwezi kuondolewa bila kibali chake yenyewe. Wakaendelea hivyo, na wakati wanaendelea, watoto wetu wakanyonya, wakaota meno, wakaanza kutambaa chini ya feni ya Serikali Kuu. Babu Zulia hakuguswa, maana kila upande ulidai ndio wenye haki ya kumwadhibu.

Kilichotutia hofu ni amani. Tangu daraja lifunguliwe, wakubwa wanapatana kupita kiasi. Zulia linapigwa fimbo kila wiki. Waziri anakuja tena mwezi ujao, safari hii kwa urafiki, na ofisa mpya wa mapokezi, ambaye tayari tumempa jina la Bwana Tai kwa ile tai isiyomtoka shingoni, ameshaulizia ufunguo wa chumba na bei ya kufuli. Ni mtu mzuri, anafuata taratibu. Ndicho kinachotisha.

Jumatatu hii tulimwandalia Babu Zulia chai ya kumuaga ukumbini. Gavana alihutubia vizuri, akasahau miaka mingapi, akakumbushwa. Mwisho akamwambia mzee aombe kitu kimoja kabla hajaondoka, chochote kilicho ndani ya uwezo wa jimbo. Tulijua wengi huomba saa ya ukutani. Bibi Zulia, aliyekaa mstari wa mbele, alikuwa amemwagiza aombe jokofu, na alikuwa anamkumbusha kwa macho.

Babu Zulia akasimama, akanyoosha ukingo wa zulia kwa ncha ya kiatu kwa mazoea.

"Mheshimiwa, mpatane na Serikali Kuu kwa yote. Ila kile chumba nakuomba mwendelee kukigombania."

Bibi Zulia akafumba macho, jokofu likiondoka. Gavana akamtazama mzee, akatutazama sisi tuliojipanga ukutani na watoto mgongoni, kisha mabega yakaanza kumtikisika.

"Huo ugomvi," akasema, "nitauweza." Akamgeukia Bwana Tai, akamwagiza mbele yetu sote kwamba chumba kifunguliwe kila asubuhi, na Waziri akija apumzike kwenye ofisi ya Katibu. Bwana Tai akaandika. Babu Zulia akatoa ufunguo mfukoni, akampa, akamwambia masharti yote matatu, kisha akaongeza kwamba sofa lina upande mmoja usiokauka vizuri, asimkalishe mtu mkubwa pale.

Bibi Zulia asikate tamaa. Wafanyakazi tunachangishana, jokofu litafika, dogo lakini linagandisha.

Babu Zulia, sisi wa jikoni, wa masjala, wa usafi na wa getini tunakushukuru. Ulituona kwenye ndoo ukatupandisha kwenye sofa, na hukusubiri waamue nani mwenye sofa. Nenda ukapumzike na miguu yako iwe juu, umwache Bibi naye akutandikie, au bora zaidi umtandikie yeye. Uishi siku ndefu zenye usingizi mzuri, na dirishani kwako zisisikike kelele za ving'ora vya msafara wowote.

Na ukipata nafasi upite kututembelea mwanzoni mwa mwaka. Mpika chai anatarajia mgeni mwingine wa kitaifa. Zulia si lazima, anakuja amebebwa.