Anatafutwa Msomaji Mmoja Kabla ya Saa Sita

Benchi lenyewe liko mlangoni kwa Bi Mkasi, mshonaji, mguu mmoja umesimamishwa juu ya matofali mawili. Kushoto ana meza yake Betri, fundi simu, na kulia anakaa Hakimu, ambaye hajawahi kuwa hakimu hata siku moja, alikuwa karani wa mahakama mpaka akastaafu, lakini chupa ya kahawa ni yake kwa hiyo na hukumu ni zake. Mimi si mtu wa kijiweni. Nimeishia kidato cha nne, nina mtoto wa miezi mitano, na asubuhi hiyo nilikaa pale kwa sababu chumbani kwetu mtandao haushiki na mume wangu alikuwa mbele ya jopo la chuo tangu saa tatu, wanaamua kama wampe ajira ya kudumu au ule mkataba wake wa mwaka mmoja mmoja, ambao ameshaurudia mara sita, uishe, na ukiisha nyumba ya chuo inarudi chuoni, na kadi ya hospitali ya mtoto inarudi hiyo hiyo safari, na mtoto kifua kinambana, na simu nimeishika kwa mikono miwili kama yai.

Mume wangu ni mwalimu wa historia, ila historia yake iko ndani ya kompyuta. Miaka sita amekusanya barua ambazo wafanyakazi wa reli wa zamani waliwaandikia watu wa nyumbani kwao, barua elfu kumi na moja, zikapigwa picha, zikachapwa upya neno kwa neno, zikawekwa mtandaoni. Ukiandika neno mvua, zinakuja zote zenye mvua. Basi. Ndiyo kazi. Lakini jaribu kuwaeleza wale.

Betri: Shemeji, mimi nilishasema. Bwana anaifundisha kompyuta miandiko ya marehemu.

Mimi: Anazihifadhi tu, Betri.

Betri: Leo anahifadhi. Kesho kompyuta inaandika yenyewe. Unapata ujumbe, "Mjukuu wangu, ni mimi babu yako, nitumie vocha," mwandiko wake kabisa. Utakataaje?

Bi Mkasi: Babu yako hakujua kuandika.

Betri: Ndiyo hatari yenyewe! Kajifunzia huko huko!

Hakimu: Nyamazeni. Jambo hili ni la kisheria. Watu wa reli walikuwa na mke kila stesheni. Barua zile zikisomwa, mirathi ya nchi nzima inafunguliwa upya. Unadhani mwenyekiti wa jopo halijui hilo? Babu yake atakuwemo mle. Mficha uchi hazai, na mumeo kaufunua.

Bi Mkasi: Mzee, kuna mtoto hapa.

Hakimu: Si ameshazaliwa? Methali imetimia.

Bi Mkasi: Mimi naona ni wivu tu. Wanataka aondoke wazichukue barua wao, wapandie ndege kwenda mikutano ya Ulaya. Na huko hewani alikoziweka, mwanangu, mvua ikinyesha?

Mimi: Hazilowi, Bi Mkasi.

Bi Mkasi: Unasema hazilowi. Picha yetu ya harusi nayo iliwekwa huko huko, leo iko wapi?

Saa tano na dakika kumi simu ikatetemeka. Nikausoma ujumbe mara mbili, halafu nikausoma kwa sauti, labda ndilo kosa langu. Mume wangu aliandika kwamba jopo limekwama. Fomu yao ina nafasi ya kujaza idadi ya kurasa, na kazi yake haina kurasa. Amewaonyesha kwamba mwezi uliopita imefunguliwa na watu elfu nne, mwenyekiti akasema namba si mtu, lete mtu. Mtu mmoja tu, asiwe wa chuo wala wa kazi yenyewe, aseme amesoma nini mle. Aandike au arekodi sauti. Kabla ya saa sita.

Betri: Hao elfu nne ni maroboti.

Mimi: Betri, nakuomba.

Hakimu: Wewe je? Si mke huyo? Mke ni shahidi mzuri, analala na ushahidi.

Mimi sihesabiki, nikawaambia, na hapo ndipo roho inaponiuma, maana wenye kazi hii wana desturi yao, kila aliyechapa hata barua moja jina lake linawekwa kwenye ukurasa wa shukrani, na mimi nilichapa mia tisa tumbo likiwa mbele, meza siifikii vizuri, kwa hiyo jina langu limo. Aliyemo si wa nje. Mume wangu alidhani ananipa heshima.

Bi Mkasi: Basi mbona rahisi? Sisi tuko watatu.

Nikapumua. Nikasema asanteni, asanteni sana, semeni basi, yeyote, maneno mawili. Kumbe nimefungua kesi.

Hakimu: Leta karatasi. Andika: "Mimi niliyetajwa hapa chini, mwenye akili timamu..."

Betri: Bado hujatajwa.

Hakimu: Nitatajwa chini! Ndiyo maana ya chini!

Betri: Mzee, siku hizi hakuna karatasi. Tunarekodi video, mimi nimesimama, nyuma kuna pazia.

Bi Mkasi: Pazia langu halitoki. Ni la mteja.

Hakimu: Na shahidi mmoja hatoshi. Sheria inataka wawili.

Mimi: Wamesema mmoja, baba.

Hakimu: Wamesema hivyo ili tukosee. Tena kwa nini mnahangaika? Chema chajiuza. Kama kazi ni nzuri, itajisemea yenyewe.

Mimi: Kwa mdomo gani?

Nilipiga kelele mpaka mtoto akashtuka. Saa tano na nusu ikapita, saa tano na dakika arobaini, akili timamu imefutwa imerudishwa, Hakimu amemimina kahawa mara ya tatu ili afikiri, Betri ameiegemeza simu mezani inarekodi, anatafuta mahali penye mwanga pa kusimama, na mimi najibembeleza mwenyewe zaidi ya ninavyombembeleza mtoto. Nyumba yangu inaondoka huku naiona, na watu wanabishania pazia.

Akaja msoma mita wa maji, simjui, ana kofia ya kazi na kimashine chake kifuani.

Msoma mita: Samahanini wakubwa. Naomba msogee, mita iko nyuma ya benchi.

Hakimu: Subiri. Tunatoa ushahidi.

Msoma mita: Wa nini?

Wakamweleza wote watatu kwa pamoja: marehemu wanaoomba vocha, mirathi, ndege, wivu, hewani. Yule kijana wa watu akasikiliza mpaka mwisho, kimashine mkononi.

Msoma mita: Sawa. Sasa hizo barua zenyewe zinasemaje?

Hakimu akachungulia ndani ya chupa. Betri akafuta kioo cha simu ya mteja ambacho kilikuwa safi. Nikamtazama Bi Mkasi, Bi Mkasi akawa anatafuta sindano. Miaka sita! Miaka sita wanamtetea mume wangu, wanamshtaki, wanamtabiria, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuifungua. Nilitaka kulia, nikakosa hata muda wa kulia, ilikuwa saa sita kasoro dakika saba.

Nikampa yule msoma mita simu yangu, barua nimeshazifungua. Nikamwambia, kaka, sikujui hunijui, soma yoyote. Kidole chake kikaangukia mojawapo, akasoma polepole, kwa sauti:

"Mke wangu, shati limefika. Shingo imenitosha. Mikono inanipita vidole. Nani huyo uliyempimia?"

Bi Mkasi: Inampita vidole?

Msoma mita: Ndivyo alivyoandika.

Bi Mkasi: Vidole si viganja! Hapana. Mshonaji hakosei hivyo. Shingo sawa, mikono mirefu? Hilo shati lina mwenyewe.

Betri: Mwenyewe gani? Shingo si imemtosha?

Bi Mkasi: Shingo za wanaume zote moja! Mikono ndiyo inayosema!

Hakimu: Hapana, hapana, mnamhukumu mke bila kumsikiliza. Labda alisahau vipimo. Mume yuko mbali, pengine mwaka wa pili huo, mikono ya mtu unaisahau.

Bi Mkasi: Mikono ya mumeo?

Hakimu: Inasahaulika!

Betri: Mimi nasema alimpimia kaka yake huyo bwana, kwa nia njema.

Bi Mkasi: Nia njema ya kumpima kaka mtu!

Walikuwa wamesimama. Hakimu alikuwa amenyoosha mkono wake mwenyewe, Bi Mkasi anampima kwa futi, kutoka bega mpaka kidole cha kati, kuonyesha kosa haliwezekani. Msoma mita alikuwa ameisahau ile mita kabisa, anapekua simu yangu mbele na nyuma.

Msoma mita: Dada, na mke alijibu nini?

Mimi ndiye niliyeichapa barua ile, naikumbuka, mtoto alikuwa ananipiga mateke siku ile. Ya mke haimo. Barua zilizobaki ni za wanaume peke yao, kwa sababu za wanawake zilitupwa kwenye makambi ya reli, hakuna aliyezitunza.

Mimi: Sijui.

Msoma mita: Hamjui? Sasa mtu atalalaje?

Hapo nikakumbuka kwamba simu ya Betri iko mezani pale, na kwamba tangu kwenye video yake ya pazia hakuwahi kuizima, imenasa ubishi wote. Nikaichukua. Saa sita kasoro dakika mbili. Nikaandika namba ya mume wangu.

Hakimu: Binti, usitume hiyo! Haina kiapo! Hatujajitambulisha! Kuuliza si kutoa ushahidi!

Nilikuwa nimeshatuma. Nikakaa, mtoto begani, macho kwenye kioo, nasubiri kujua kama jioni tutalala kwetu, na hakuna hata mmoja wao aliyeniuliza habari ya jopo. Walikuwa wamemzunguka msoma mita, wanamwambia ateremke chini, chini zaidi, atafute neno shati.