Niliyemwita Mchawi Ndiye Aliyeimba Juu

Asifiwe Bwana, ndugu zangu, aliyeniachia pumzi ya kusimama hapa! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Paroko amenipa nafasi hii baada ya misa akaniambia, "Mama Tumaini, leo usiimbe, zungumza." Basi siimbi. Nasema nilivyokuwa, nilivyomkosea mtu, na Mungu alivyonitoa.

Naitwa Skolastika. Nimezaliwa Kaengesa, na mama yangu analima mahindi na ulezi kule mpaka leo. Nimeolewa hapa Majengo na Baba Tumaini, mtu wa Mbeya aliyeletwa Sumbawanga na kazi ya halmashauri. Alilalamikia baridi yetu mwaka mzima, halafu akaoa hapa hapa.

Tangu utoto nilikuwa na koo la ajabu. Kanisani niliimba soprano. Shambani niliimba nyimbo za Kifipa nyuma ya mama. Nilipokwenda kusoma Mbeya nikakutana na bendi iliyokuwa ikipiga jazi hotelini, na ndugu zangu, jazi ilinishika! Wimbo ni ule ule, lakini kila ukiuimba unapita njia nyingine. Nikaimba na bendi ile miaka mitatu. Jumamosi jazi na rumba, Jumapili kwaya. Wenzangu waliniita Redio, kwamba ukinigusa tu nabadilisha stesheni.

Nilikuwa na ndoto moja: kutoa albamu yenye vyote hivyo ndani yake. Nikampelekea nyimbo zangu mtayarishaji mmoja wa muziki kule Mbeya. Akasikiliza, akacheka.

"Dada, hii ni pilau au ugali? Jazi, kwaya, ngoma za kijijini! Chagua moja, urudi."

Sikuchagua, na sikurudi. Nikaolewa, nikaja Sumbawanga, nikajiunga na kwaya ya parokia hii. Lakini moyoni nilibeba kiburi. Nilijiona mimi ni mkubwa kuliko benchi niliyokalia.

Kwenye benchi hiyo jirani yangu alikuwa Gaudensia. Wengi mnamjua, anauza vitenge pale Majengo. Tulishirikiana kitabu kimoja cha nyimbo. Alipojifungua, mimi ndiye niliyempikia uji. Nilipougua malaria, yeye ndiye aliyemchukua Tumaini wangu akakaa naye siku nne. Huyo ndiye Gaudensia.

Sasa sikieni. Sauti yangu ikaanza kupasuka. Mwanzo nilidhani ni mafua. Kisha nikaona shingo inavimba, kidogo kidogo, upande wa kulia. Nikipanda noti ya juu, haitoki. Gaudensia anapanda, anafika! Mwalimu wa kwaya akaanza kumpa yeye sehemu zangu. Na mimi, badala ya kwenda hospitali, nikaanza kumwangalia Gaudensia kwa jicho baya.

Sitaficha kitu mbele ya madhabahu. Nilikwenda kwa mganga. Mimi, Mkatoliki wa Kaengesa, niliyebatizwa nikiwa na wiki moja! Nilimdanganya mume wangu kwamba nakwenda kumwona mama. Yule mganga akanipa dawa chungu ya kunywa, akaniambia, "Sauti yako imefungwa. Aliyeifunga anakaa karibu na wewe, na sasa anaitumia yeye."

Hakutaja jina, ndugu zangu. Jina nililitaja mimi mwenyewe, moyoni.

Wazee wanatuambia jina la mji wetu maana yake ni kuutupa uchawi. Uliokwisha kutupwa na wazee, mimi nikaenda kuuokota. Alhamisi moja tukiwa kwenye jumuiya, tumemaliza rozari, Gaudensia akaniuliza kwa upole, "Skola, hiyo shingo umeipeleka hospitali?" Nikasimama. Nikasema mbele ya watu kumi na kitu, "Unaniuliza wewe? Rudisha ulichochukua, mchawi mkubwa!"

 Gaudensia alichukua mtoto wake, akavaa ndala zake, akatoka.

Neno lile halikubaki mle ndani. Lilitembea Majengo yote. Watu wakaacha kununua vitenge kwake. Kina mama wakawa wanavuta watoto wao akipita. Akaacha kwaya. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi! Nilikaa benchi peke yangu, sauti sina, rafiki sina, nikafurahi.

Dawa ya mganga haikupunguza kitu. Uvimbe ukakua mpaka ukaanza kubana njia ya hewa. Nikilala chali nakabwa. Nikipanda mlima mdogo tu natweta kama mbuzi aliyekimbizwa. Siku moja nikaanguka sokoni, mkononi nina fungu la nyanya. Nilipozinduka nilimkuta mume wangu amepiga magoti kwenye vumbi. Hakuniuliza ruhusa. Kesho yake asubuhi tukapanda basi la Mbeya.

Daktari alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Akanipima, akaniambia, "Hii ni goita, mama. Watu wa nyanda za juu wanaipata sana. Haikuletwa na mtu. Ungekuja mapema tungeweza kujaribu mambo mengine, lakini sasa lazima tuitoe."

Nikamuuliza, "Na sauti?"

Akaweka kalamu chini. "Mishipa ya sauti imepita karibu sana na uvimbe. Nitaitunza kadiri nitakavyoweza. Kukuahidi siwezi."

Haikuletwa na mtu! Nilirudia maneno hayo kitandani, na kila niliporudia niliiona sura ya Gaudensia akivaa ndala zake. Nilitia sahihi ya upasuaji nikilia. Baba Tumaini alidhani nalilia sauti.

Nilitoka mzima. Nilipumua! Lakini nilipofungua mdomo kumwita mume wangu, kilitoka kimnong'ono, kama karatasi inasuguliwa. Mwezi wa kwanza hivyo. Wa pili hivyo. Wa tatu hivyo. Nikaacha kuja kanisani. Nilimwambia Mungu, kwa kimnong'ono hicho hicho, kwamba hanitendei haki. Mume wangu akasali kwa ajili ya wote wawili, kwa sababu mimi nilikuwa nimegoma.

Mwezi wa saba akaniambia, "Mama Tumaini, nenda Kaengesa kwa mama. Huko angalau utakuwa na kazi ya mikono." Nikaenda.

Ulikuwa wakati wa kupura ulezi. Kina mama wamejipanga, fimbo mikononi, mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, fimbo zinashuka pamoja. Nilikuwa nimeinama nikipiga kama wenzangu, siwazi chochote, jasho linanitoka na ile baridi. Wakaanzisha wimbo ambao nimeujua kabla sijajua kusoma. Ilipofika kuitikia, mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

Ikatoka sauti nzito, ya chini, yenye mikwaruzo, kama ya mzee aliyevuta tumbaku maisha yake yote!

Fimbo zikasimama. Shangazi yangu mmoja akageuka huku na huku. "Nani huyo? Mwanaume gani kaja kupura ulezi?"

"Ni mimi, shangazi," nikasema. Na hilo nalo likatoka kwa sauti ile ile. Kina mama wakaangua kicheko, wakapiga vigelegele, wengine wakakaa chini kwenye mabua wakijishika mbavu. Mimi nilikuwa nacheka na kulia. Ndugu zangu, nilikuwa na sauti! Haikuwa ile ya zamani, lakini ilikuwa sauti!

Mama yangu peke yake hakucheka. Jioni ile tukila aliniambia kwa Kifipa, taratibu, "Skola, Mungu amekupa mdomo tena. Kabla hujauimbia, upeleke ukaombe msamaha." Kumbe habari za Gaudensia zilikuwa zimemfikia zamani, akawa ananingoja.

Nikarudi Sumbawanga. Nikaenda dukani kwa Gaudensia. Vitenge vilikuwa vichache kuliko nilivyovizoea. Nikapiga magoti pale pale mlangoni.

"Gaude, nilikukosea. Ilikuwa ugonjwa. Hukunifanyia lolote. Nisamehe."

Aliendelea kukunja kitambaa. Aliposema, hakuinua macho. "Skola, mwanangu wa kwanza alipigwa shuleni. Wenzake wanamwambia mama yako anaruka na ungo. Wewe uliniita mchawi mbele ya watu. Sasa unaniomba msamaha mbele ya majora ya vitenge?"

 Nilitoka nimeinamisha kichwa, maana alisema kweli.

Alhamisi iliyofuata nikaenda kwenye jumuiya. Katikati ya sala nikasimama pale pale niliposimama siku ile.  Nikasema yote. Mganga nikamtaja, uongo wangu kwa mume wangu nikautaja, kijicho changu nikakitaja kwa jina lake. Nikasema, "Gaudensia si mchawi. Aliyewaambieni ni mimi, na nilisema uongo. Ninyi mlioacha kununua kwake, dhambi hiyo ni yangu, nendeni mkanunue." Jumapili yake, kwa ruhusa ya paroko, nikasema tena hapa mbele, kwenye maiki hii.

Haleluya! Siku ile nilitoka kanisani mwepesi. Daktari alitoa uvimbe shingoni. Bwana alitoa ule wa moyoni.

Gaudensia hakuja siku ile, wala wiki ile. Msamaha si maji ya bomba. Nami nikaanza kuimba tena. Mwalimu wa kwaya alinisikiliza, akakuna kichwa, akanipanga na kina baba kwenye besi. Wengine walicheka. Mimi nilisimama kati ya wanaume nikaimba!

Kuna fundi wa gitaa hapa Majengo, kaka Festo, mwenye kastudio kadogo nyuma ya duka la vifaa vya umeme. Nikamwendea na nyimbo zangu za zamani. Nilipoanza nikawa nakohoa kila mara ili kusafisha koo.

"Dada Skola, acha kukohoa," akasema. "Iache ikwaruze hivyo hivyo. Rudia."

Nikarudia. Akaweka gitaa la jazi chini ya wimbo wa kupura ulezi. Tukaleta kijana wa saksafoni kutoka Namanyere, tukaleta wanakwaya wanne. Rumba ikaingia, zaburi ikaingia. Kila kitu kilikubali kukaa pamoja, kwa sababu sauti ya chini ilivibeba vyote. Lakini kulikuwa na pengo. Nyimbo zilihitaji sauti ya juu, na ya juu sikuwa nayo tena.

Asubuhi moja tukiwa tunarekodi, mlango ukagongwa. Gaudensia, na mtoto mgongoni.

"Nimesikia mna nyimbo," akasema. "Juu anaimba nani?"

"Hakuna mtu," nikajibu.

Akamfungua mtoto, akampa Festo amshike. Akavaa zile spika za masikioni. "Haya. Anzeni."

Ndugu zangu, alipanda! Alifika pale nilipokuwa nafika mimi, akapita. Nilimtuhumu kuniibia sauti. Naye akaja kwa miguu yake akanipa ya kwake! Nilishindwa kuendelea. Festo alisimamisha mashine, na mtoto wa watu mikononi, na machozi usoni. Tukashikana mimi na Gaude, tukalia mpaka tukaanza kucheka. Akaniambia, "Basi, Skola. Yameisha. Tuimbe."

Albamu tumeiita Pumzi. Ni ya kwanza katika maisha yangu, nami si msichana tena. Wapo waliosema jazi ni ya baa, isiletwe ukumbi wa parokia. Paroko aliisikiliza yote, akasema, "Leteni viti."

Mliokuja kwenye uzinduzi mliona wenyewe. Mvua ilinyesha juu ya bati mpaka hatukusikiana, nusu saa nzima, na hakuna aliyeondoka! Ilipokatika tukaanza. Mama yangu alikuwa mbele, amekaa wima kama yuko mahakamani. Wimbo wa tatu akaniuliza kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Skola, hii ndiyo hiyo jazi?" Nikasema, ndiyo mama. Akasimama akacheza! Kina baba wa besi wakacheza, watumishi wa serikali wakalegeza tai, Gaudensia akapanda noti ile ya mwisho na watu wakapiga vigelegele mpaka saksafoni ikapotea. Yule aliyeniambia nichague moja sijui yuko wapi. Namwombea heri.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu, yule daktari, mama yangu, na Gaudensia, ambaye yuko pale kwenye kwaya na hataki nimtaje. Nimekutaja, dada yangu.

Na wewe uliyekaa hapo na ugonjwa, huku ukimtafuta nani kakuroga, nakusihi, nenda hospitali kesho. Sali, na nenda. Na kama kuna mtu ulimwita jina lile, usimwendee gizani. Msafishe mbele ya wale wale uliomchafua mbele yao. Utatetemeka, lakini Mungu atakushika, kwa maana alinishika mimi.

Daktari ameniambia nitameza kidonge kimoja kila asubuhi mpaka siku nitakayokufa. Leo nimekimeza na maji ya baridi, dirisha wazi, nikasema, Bwana, asante kwa siku nyingine. Mtumainieni huyo, ndugu zangu. Amina!